Tulitafuta Anasa Mwanza, Tukaikuta Musoma

Kama unaishi nyumba moja na mume, watoto wawili, mama mkwe na shemeji anayesoma, utanielewa haraka. Nyumba tunayopanga hapa Mukendo, Musoma mjini, ina vyumba vitatu, na kuta zake ni za aina ile ambayo ukikohoa huku, mtu wa kule anakuambia pole. Ndoa yetu ilipokaribia kutimiza miaka 7, mimi na Baba Junior tulikuwa tumebakiwa na mazungumzo matatu tu: luku imeisha, unga umeisha, ada bado. Hata kugombana tuligombana kwa kunong'ona. Na ugomvi wa kunong'ona, mwenzangu, hauishi. Unalala nao, unaamka nao.

Nikasema basi, safari hii lazima tutoke. Siku mbili tu. Hoteli ya maana, kitanda kipana, mashuka meupe pee, maji ya moto, na chai tuandaliwe na mtu mwingine. Mji gani? Mwanza, tena bila mjadala. Sisi watu wa Mara tukisema tunakwenda kula raha mjini, mara nyingi tunamaanisha Mwanza.

Wiki mbili nilikuwa na simu mkononi nikitazama picha za vyumba. Nikaipenda hoteli moja, jina lake nalimeza. Bei ilisema sh. 150,000 kwa usiku mmoja. Nikapiga simu. Dada wa mapokezi, sauti laini kama asali, akanifafanulia kwamba bei hiyo ni ya chumba cha nyuma. Kile cha kwenye picha, kinachotazama ziwa, ni sh. 220,000. Kifungua kinywa? Cha mtu mmoja. Wa pili analipia. Shoga yangu aliyewahi kulala pale akanimalizia kabisa: chini ya vyumba vya nyuma kuna baa, na muziki unapigwa mpaka alfajiri.

Bado sikukata tamaa. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Chumba cha nyuma usiku 2, sh. 300,000. Nauli ya basi ya watu wawili kupitia Bunda, Lamadi na Magu, kwenda na kurudi. Teksi za mjini. Chakula cha mchana na cha jioni. Nusu milioni ilikuwa inanichungulia. Nikampelekea Baba Junior. Hakuisoma hata nusu.

"Mama Junior, hatuna hela ya kuchezea," akasema, akageukia ukutani.

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Mshahara wake naujua, wangu anaujua. Hela zinakwenda wapi? Akili ikaanza kutembea. Wanawake wenzangu mnajua akili ya saa nane usiku inavyofanya kazi: mpaka kunakucha nilikuwa nimeshampangia mume wangu nyumba ndogo, nikaipaka na rangi.

Siku chache baadaye ofisini kwetu tulikuwa na mgeni wa semina kutoka Dodoma. Akasema, "Nyie watu wa Musoma mna bahati. Asubuhi nafungua pazia, naona wavuvi wanarudi na mitumbwi." Nikanyamaza. Mji wetu umekaa kwenye rasi, ziwa liko karibu pande zote, lakini mimi mwenye miaka 9 hapa sijawahi kulala hata usiku mmoja nikiwa na ziwa dirishani. Ziwa kwangu lilikuwa sato na dagaa wa sokoni, basi.

Jioni ile sikushika simu. Nilipanda bajaji nikazungukia hoteli tatu za upande wa ziwani, na hapa ndipo ningependa unisikilize vizuri.

Kwanza, niliomba kuona chumba, siyo picha ya chumba. Nilifungua bomba nikasubiri maji yapate moto. Nilikaa kitandani. Nilifunga mlango nikakaa kimya dakika mbili, nikisikiliza kama kuna jenereta, baa au jirani. Usione haya. Anayeuza kitu kizuri hachukii kikikaguliwa.

Pili, niliuliza wageni wao ni akina nani. Nikaambiwa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi vyumba vinajaa watu wa semina, Ijumaa wanarudi makwao. Wewe mfanyakazi unapumzika lini? Si Ijumaa hiyohiyo! Bei ya sh. 100,000 ikashuka hadi 80,000 nilipotaja usiku 2, kifungua kinywa cha wote wawili ndani yake, na kodi ndani yake. Nikaomba iandikwe kwenye risiti. Ila kwa huku kwetu, tarehe 14 Oktoba iogope kidogo, maana watu huja Butiama kumkumbuka Mwalimu Nyerere, na vyumba huwa vya kugombania.

Tatu, sikuuliza nyota. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli kuanzia nyota 1 hadi 5, na ni jambo jema. Lakini nyota nyingine unazilipia kwa ajili ya vitu usivyovigusa: lifti, ukumbi wa mikutano, bwawa la kuogelea na wewe huogelei. Mimi nilitaka kitanda, maji ya moto, ziwa, na mlango unaofungwa. Kwa vitu hivyo vinne tu, chumba changu kilikuwa cha kifahari.

Baba Junior nilimwambia kiasi kabla ya kumwambia mahali: sh. 230,000, chakula na bajaji humo humo, na nusu nimeshaiweka mimi. Alinitazama kwa muda, akasema sawa. Mama mkwe ndiye aliyetufungulia mlango. "Nendeni mkapumzike wanangu, watoto niachieni." Dakika 10 baadaye tulikuwa mapokezi na begi moja. Mume wangu akacheka, "Yaani tumelipa kulala mji wetu wenyewe?"

Jua lilizama ziwani tukiwa kibarazani na sahani ya sato wa kukaanga katikati yetu. Hatukusema mengi. Usiku, taa imezimwa, ndipo akaniita kwa jina langu, siyo Mama Junior. Akaniambia alichukua mkopo wa mshahara kwa ajili ya matibabu ya marehemu baba yake. Zaidi ya miaka miwili wanamkata kila mwezi. Imebaki miezi 14.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Mama analala ng'ambo ya ukuta. Akisikia, ataona yeye na baba ndio waliotuponza."

Sitakudanganya kwamba nilimkumbatia papo hapo. Niliwaka. Tuligombana kwa sauti, sauti kamili, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba ile. Nilisema yote, mpaka ile nyumba ndogo niliyomjengea kichwani. Alipoisikia alicheka hadi akakaa kitako sakafuni, na mimi nikalia, kisha nikacheka. Hakuna aliyegonga ukuta. Hakuna aliyesema pole.

Asubuhi nilifungua pazia. Mitumbwi ilikuwa inarudi, kama mgeni wa Dodoma alivyosema. Tuliomba karatasi mapokezi, tukapanga miezi yote 14 mbele yetu: nini tupunguze, nini kisubiri. Ile hela ya Mwanza ambayo hatukuitumia ndiyo iliyolipa ada iliyokuwa bado.

Kwa hiyo wewe unayetafuta hoteli nzuri ya bei poa, anza kwa kumuuliza mwenzako tuna shilingi ngapi, na ukiona jibu limekuwa fupi kuliko kawaida, usikimbilie kununa. Halafu tazama mji wako mwenyewe kwa jicho la mgeni wa semina. Mwanza haijahama. Tutakwenda deni likiisha, na chumba tutachukua kinachotazama ziwa.

Jumapili jioni tulirudi nyumbani tukakuta luku imeisha. Baba Junior alinikonyeza, akatoka kwenda kununua. Junior akaniuliza kwa nini baba anapiga mluzi gizani.