Nyota za Hadado

Msomaji wangu kijana, wengi hudhani kwamba kutazama nyota ni starehe ya matajiri wenye darubini. Mimi nilizaliwa Hadado, katika Wajir, penye ngamia wengi na taa chache, nami nilijifunza kwa hasara kuwa macho, subira na mzee mmoja vyatosha.

Babu yangu alikuwa mfugaji. Kikundi cha nyota ambacho Waswahili hukiita Kilimia, yeye alikiita Urur kwa Kisomali chetu, na kwa nyota alihesabu siku za kungojea mvua. Wakulima wa Kiswahili nao walikuwa na methali yao: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua." Lakini mimi, niliporudi kutoka shuleni kichwa kimejaa vitabu, nilimwona babu kuwa mtu wa kale. Alipoanza kunitajia nyota, nilipiga miayo.

Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipatwa. Kivuli kamili kilipita Ziwa Turkana, walikokusanyika wageni wa nchi za mbali. Kwetu jua lilifichwa sehemu tu. Kwa kuwa kulitazama jua kwa macho matupu ni kujitafutia upofu, nilitoboa tundu dogo katika karatasi. Nuru ikapita, ikachora juu ya karatasi ya pili umbo la jua lililomegwa kama mundu. Wakubwa kwa wadogo wakanizunguka. Babu akainama, akatazama sana, kisha akauliza, "Waliojua siku hii mapema, waliijuaje?"

Nikajibu, "Walitazama mbingu miaka mingi, wakaandika, wakapiga hesabu."

Akasema, "Sisi pia tumetazama miaka mingi, mjukuu wangu. Tulichokosa ni mwandishi."

Nikaahidi kumwandikia likizo ijayo. Likizo ilipofika, babu alikuwa kaburini. Daftari langu lina majina saba tu ya nyota zake. Mengine alikwenda nayo.

Siku hizi, katika usiku usio na mbalamwezi, tunatandika mikeka nje, vijana na wazee pamoja. Wao hutaja, sisi huandika. Nawe fanya vivyo hivyo. Kati ya Novemba na Machi, mapema usiku, ondoka penye taa, ungoje nusu saa macho yazoee giza, ukitafute Kilimia. Kisha mwulize mzee wa kwenu jina lake, uliandike usiku uo huo. Usiseme kesho.