Jua la kaskazi, skeitibodi na kipimo kisichoaminika

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na najua wapo wanaonidai sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo niruhusuni niweke tarakilishi kando niwasimulie jinsi nilivyojipika mwenyewe mchana kweupe, huku nikijiona mjuzi.

Wanaonifahamu wanajua kwamba nikichoka kuandika programu, starehe yangu ni skeitibodi, ule ubao wenye magurudumu manne. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata mwezi wa Februari naweza kucheza mchana kutwa kisha jioni nikatafuta sweta. Basi mwisho wa Februari nilipanda gari la moshi nikashuka Mombasa kumtembelea binamu yangu. Nilibeba ubao wangu, pamoja na ubao wa zamani wa kumpa mwanawe wa miaka 12. Mtoto huyo huniita Anko, na alikuwa amenisumbua mwaka mzima nimfundishe.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa Mama Ngina, karibu na kivuko cha Likoni. Tangu pakarabatiwe mwaka 2019, pana sakafu laini ambayo magurudumu yanaipenda. Helmeti tulivaa. Kinga za magoti na viwiko tulivaa. Kwa kuanguka tulikuwa tumejiandaa kabisa. Kwa joto tulikuwa na chupa moja ya maji ya nusu lita, ya watu wawili.

Chini ya mbuyu palikuwa na mzee auzaye madafu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, jua hili la kaskazi si la mchezo. Mleteni mtoto jioni."

"Tunamaliza sasa hivi, mzee wangu."

Hatukumaliza. Karibu saa sita mtoto aliniuliza, "Anko, tupumzike?" Nikamwambia bado mara moja tu. Mara moja ikawa kumi, na hakuuliza tena. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Hakunyamaza kwa sababu alikuwa na nguvu. Alinyamaza kwa sababu aliona mimi sijachoka.

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakwisha. Kichwa kiligonga, mapaja yakakakamaa. Nikajiambia ni njaa. Nikaanguka mara tatu katika mruko ninaoufanya hata nikiwa na usingizi. Nikaketi juani kukagua beringi za magurudumu, nikiamini hitilafu iko huko! Mtoto akaniuliza tumeruka mara ngapi, nami nikamjibu habari za treni. Akanitazama usoni, akamkimbilia mzee wa madafu.

Mzee alinivuta kivulini, akanivua helmeti na kinga zote, akanimwagia maji shingoni na kifuani, akanipepea kwa kipande cha katoni. Akili iliporudi akanipa dafu, kidogo kidogo. Mtoto alikunywa mawili bila kupumua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilisalimika, lakini nilikaribia kuvunja kitu kikubwa zaidi.

Nimelitafakari jambo hili kama mtu wa programu. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho hupoza pale linapokauka. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo jasho hutiririka tu na joto hubaki ndani. Pili, mwili huhitaji juma moja hadi mawili kuzoea joto jipya. Mimi nilikuwa na siku moja. Tatu, mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri la Mombasa hupita karibu juu ya utosi kabisa, na sakafu hurudisha joto kutoka chini. Tulikuwa kama mkate katikati ya moto wa juu na wa chini.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kuuamini ubongo wangu. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, kuna kihisi kinachoifanya ipunguze kasi au izime. Kwa binadamu, kitu kinachopaswa kusema "simama" ndicho hichohicho kinachopikwa. Ndiyo maana mitambo mingi huwekewa kijisaa kilichojitenga na programu yenyewe: programu isipoitikia kwa wakati, kinaiwasha upya. Siku ile kijisaa changu kilikuwa mtoto wa miaka 12, ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumlinda.

Kwa hiyo sasa tunaamua kila kitu kabla ya kukanyaga ubao. Tunacheza kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Simu hulia kila dakika 20, na ikilia tunaenda kivulini tukanywe, kiu iwepo isiwepo. Dafu ni zuri, lakini lina chumvi chache, kwa hiyo tunakula na kitu chenye chumvi. Nyumbani nachanganya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Helmeti haivuliwi kwa sababu ya joto. Joto likizidi, mchezo ndio unaoachwa. Na yeyote akisema "tupumzike", wote tunapumzika, bila mjadala.

Tena, mshike hili: mwenzako akianza kuongea yasiyoeleweka, au akizirai, huo si uchovu. Ni dharura. Mpozeni kwa maji na upepo papo hapo huku mkitafuta msaada wa kumfikisha hospitali, na msimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu kamili. Mimi nilipaswa kupelekwa. Nilibahatika tu.

Juzi mtoto alinipigia simu. Ameweza kuruka na ubao mara ya kwanza. Nikamuuliza, saa ngapi? Akacheka: "Saa kumi na moja jioni, Anko. Wewe je, umekunywa maji?"

Nikaenda kunywa. Tuonane kwenye hifadhidata, panapo majaaliwa.