Mpiga Solo Wetu wa Magongo

Miaka ya sabini Magongo, mtaa wetu wa Mombasa, ilikuwa na harufu yake. Upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kile kilichoanza kazi mwaka 1963, hata chai ya maziwa ilikuwa na ladha ya kibatari. Ukigeuka kidogo ulipata viazi karai, mishikaki, na vumbi la mbao la wale wachongaji wa Kikamba waliokaa chini wakitoa twiga na vifaru kwenye magogo. Ndege za watalii zilipita juu ya mabati yetu zikienda kutua Port Reitz, uwanja ukiwa bado haujaitwa jina la Moi, na watoto wakakimbia nazo mpaka zikawashinda. Halafu ikifika Ijumaa usiku, watu wa zamu wamelipwa, mabafu yamekwisha maji kwa kuogwa, kulikuwa na gitaa.

Bendi yetu haikurekodi hata santuri moja, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Ilikuwa bendi ya baa, kando ya barabara ya Magongo: solo, rizimu mbili, besi, tumba, na saksafoni moja iliyofungwa raba ya tairi la baiskeli pale ilipokuwa ikivuja. Ilijiita jazz, kama zilivyojiita bendi zote za pwani na za Tanganyika ya zamani, na hakuna aliyeuliza inahusiana nini na Marekani. Watu walikuja kwa sababu ya mpiga solo. Jina lake silitaji, maana watoto wake wangali mtaani na mmoja hunisalimia kila asubuhi. Alikuwa mtu mwembamba, shati la nailoni limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, joto lisimhusu. Mkono wake wa kulia ulikuwa asali tupu. Ulimi, Mungu amrehemu, ulikuwa pilipili mbuzi.

Kabla ya kupanda jukwaani aliwakagua wenzake mikono kama mwalimu wa zamu. "Onyesha." Ukiwa umekula viazi karai, unarudishwa kunawa kwa sabuni, kwa sababu mafuta ya viazi, alisema, ndiyo yanayoua nyuzi. Nyuzi zenyewe zilikuwa ghali na adimu. Zikichakaa hakuzitupa, alizichemsha. Nilimkuta siku moja uani kwake amechutama mbele ya jiko la makaa, nyuzi zimejikunja ndani ya sufuria kama tambi, naye anazigeuza kwa mwiko, na mke wake amesimama mlangoni mikono kiunoni akiniambia, "Shemeji, hebu muulize leo tutakula nini, maana sufuria ndiyo hiyo hiyo." Aliziopoa, akazipangusa moja moja kwa kitambaa, akazining'iniza kwenye kamba ya nguo kati ya kanga mbili. Jioni ile gitaa lililia kama jipya. Kama sufuria ilioshwa, hilo sikuliuliza.

Kufukuza watu ndiko kulikomfanya maarufu. Alimfukuza mpiga rizimu katikati ya wimbo, si baada yake. Kijana alikuwa ameteleza kidogo tu, wacheza dansi hata hawakusikia. Solo akamgeukia, vidole vyake vinaendelea kutembea, akamwambia, "Shuka." Kijana akadhani anaambiwa ashuke sauti, akashuka sauti. "Shuka wewe mwenyewe!" Basi akashuka jukwaani na gitaa lake, waya unamfuata nyuma, na kwa kuwa waya ulikuwa mrefu na hakuna aliyeuchomoa, akaumalizia wimbo huko chini, katikati ya akina mama waliokuwa wakicheza. Watu walishangilia wakidhani ni mtindo mpya. Jumapili alikuwa amesharudi kazini, maana mpiga rizimu mwingine aliyejulikana alikuwa Miritini, kwenye mangwe, na pombe ya mnazi ilikuwa imemshika barabara.

Mara nyingine alisimamisha bendi nzima kwa sababu ya chupa. Unajua tabia ya walevi, wimbo ukinoga mtu hugonga chupa kwa kifuniko. Yeye hilo hakulivumilia. Aliinua mkono, ngoma zikanyamaza, akasema, "Aliyeshika chupa hiyo aje aipige hapa mbele, tumsikie vizuri." Aliyesimama alikuwa mchukuzi wa bandarini, mabega yake yameziba taa. Tukasema leo solo atalala Makadara, hospitali kuu. Jitu likapanda, likaweka chupa yake sawa, bendi ikaanza upya, na likapiga chupa ile wimbo mzima bila kukosea hata pigo moja. Mpiga solo akalitazama kwa muda, kisha akatuambia sisi wengine: "Huyu ana sikio. Nyinyi nyamazeni." Tangu siku hiyo yule bwana akawa haingii kwa kiingilio.

Sasa palikuwa na jirani yetu mmoja, baharia, aliyekuwa akirudi kutoka safari na santuri za ajabu. Alituletea moja ya Charles Mingus, Mmarekani mweusi aliyepiga lile besi kubwa la mbao la kusimama nalo. Ilirekodiwa mwaka 1960, studio, hamna hata mteja mmoja ndani, lakini kabla ya kuanza kupiga, Mingus anawaonya watu wasigonganishe barafu kwenye gilasi zao. Baharia alitufasiria, tukacheka mpaka tukamwaga kahawa. Mtu anawagombeza wateja ambao hawapo! Mpiga solo wetu peke yake hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akasema, "Huyo ni mtu mwenye akili timamu."

Ya Mingus tulikuja kuyajua zaidi baadaye. Duke Ellington, ambaye inasemekana hakupenda kumfukuza mtu, alimfukuza yeye kwenye bendi yake mwaka 1953 baada ya ugomvi na mpiga tromboni, Juan Tizol. Mwaka 1962 akampiga ngumi Jimmy Knepper, mpiga tromboni wake mwenyewe, akamvunja jino, na kwa mpuliza tromboni jino ni chombo cha kazi. Wetu hakufika huko, kwanza kwa mwili ule asingeweza. Lakini nikiwasikia watu wakisema fundi mkubwa lazima awe mkorofi, mimi husita. Nimeona wakorofi wengi wasiojua kupiga hata debe.

Mimi naona ukali wa wapigaji kama wetu ulikuwa na mzizi mwingine, nao ni vyombo. Katika bendi za enzi zile mwanamuziki alikuja na vidole vyake tu. Gitaa si lake, ampulifaya si yake, kipaza sauti si chake. Tanzania vilikuwa vya klabu, vya chama au vya idara: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, polisi walikuwa na yao, Jeshi la Kujenga Taifa nalo lake. Kwetu huku vilikuwa vya mwenye baa au tajiri fulani. Mtu anajaza ukumbi kila wiki, mauzo ya bia yanapanda kwa sababu yake, na asubuhi anapanga foleni kuomba malipo ya kibarua. Hana sauti popote isipokuwa jukwaani. Basi huko ndiko alikofoka.

Mtazame Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro. Morogoro Jazz ndiyo iliyomkuza, akafika nayo hata Japani, kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Mji ule ule ulikuwa na Cuban Marimba ya Juma Kilaza, na ushindani wao uligawa nyumba za watu. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka Morogoro Jazz, jina lake likiwa juu kabisa, akaunda Super Volcano. Mtu mpole wa kuitikia ndiyo kwa kila jambo hafanyi hivyo. Nilimsikia walipokuja Mombasa: alikuwa akiimba, halafu gitaa linamjibu, na hujui kama ni yeye anayelisemea au ni lenyewe linalomsemea yeye. Mpiga solo wetu alisimama karibu na mlango usiku kucha mikono ameikunja. Wakati wa kurudi, ndani ya matatu, tulimuuliza. "Uzi wa pili," akasema, "ulikuwa umelegea kidogo." Hakusema lingine mpaka Magongo.

Wengine walipita kwetu pia. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Mombasa mwaka 1971, ndipo wakaenda zao Nairobi na bendi yao, Simba Wanyika. Mwaka 1978 bendi ikapasuka, waliotoka wakaunda Les Wanyika, wakatoa "Sina Makosa," jina ambalo utadhani ni barua ya kujitetea kwa bosi. Miaka miwili kabla ya hapo wanamuziki wa bendi ya Baba Gaston nao walikuwa wamemwacha wakazaa Les Mangelepa. Tuliozicheza nyimbo hizo hatukujali nani kamkosea nani. Kila wakigombana sisi tulipata bendi mbili badala ya moja, na hesabu hiyo ilitufaa sana.

Januari 1979 ilikuja na mapigo yake. Mingus alifariki tarehe 5, huko Mexico, akiwa na miaka 56. Hilo tulilijua baadaye kwa yule baharia. Lakini la tarehe 13 tulilijua siku ile ile, kwa sababu lilitokea hapa hapa kwetu: Mbaraka alipata ajali ya gari Kisauni, akafariki. Alikuwa na miaka 34. Mombasa nzima ilizizima. Kila baa na kila kibanda kiliweka wimbo wake "Shida," na baa yetu nayo iliiweka, ikarudiwa na kurudiwa kwa sindano iliyochakaa, santuri inakwaruza kama kuku anayechakura. Mpiga solo alivumilia mara mbili tatu. Kisha akainuka, akaenda kwenye mashine, akainua sindano. "Mtu amekufa," akasema, "na bado mnamkwaruza?" Nusura wampige. Mwenye baa alimsukuma nje kwa mkono wake mwenyewe, naye akasimama barabarani akimtukana mwenye sindano mbovu, ukoo mzima, mpaka sauti ikamkauka. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akilia, ingawa ungemwambia analia angekufukuza nawe pia.

Bendi haikufa siku moja. Zilikuja kanda, yakaja madisko, na mwenye baa akagundua kuwa kijana mmoja na masanduku mawili ya spika hali chakula cha watu sita wala hagombi. Akauza vyombo, na gitaa la solo likaenda navyo, maana nalo lilikuwa la mwenye baa. Kiwanda cha mafuta nacho kikaacha kusafisha mwaka 2013. Barabara imepanuliwa, ilipokuwa baa pana duka la vyuma, saruji na mabomba. Harusini siku hizi nakuta kijana na kinanda. Anapiga vizuri, sisemi. Kinanda hakilegei nyuzi wala hakihitaji kuchemshwa, na hakuna anayemwambia mwenzake shuka, kwa sababu mwenzake hayupo.

Mpiga solo wetu amefariki miaka mingi sasa. Lakini wale wapiga rizimu wake wawili wako hai, mmoja Mikindani na mwingine Jomvu, na wote wawili bado wana kinyongo naye. Kijana mwenye simu ya kurekodi akitaka kujua muziki wa Magongo ulivyokuwa, aende akawasikilize kabla nao hawajaondoka. Atenge siku nzima, maana wakianza kumlalamikia hawamalizi mapema.