Ndege wa Kariobangi Wakati wa Kiangazi

Wengi wetu twadhani ya kwamba ndege ni mali ya watu wa mashambani, na kwamba sisi tukaao mitaa ya mashariki ya Nairobi tumeachiwa kunguru tu. Mimi ni karani, nami nakaa Kariobangi Kusini. Mwaka huu, tangu Januari hadi Machi, mabati yalipokuwa yakiwaka kwa jua, nilikuwa nikiwatazama ndege kila jioni nirudipo kazini, na hesabu yao si ndogo.

Mkubwa wao ni korongo, yule mwenye upara na mfuko uning'iniao shingoni. Amevutwa na jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka wa 1975, likatangazwa mwaka wa 2001 kuwa limejaa, na hata hivyo likaendelea kupokea taka kwa miaka mingi. Watu humcheka kwa miguu yake myeupe, wakidhani ndivyo alivyoumbwa. La, asili yake miguu hiyo si myeupe. Jua likizidi, korongo hujinyea miguuni kusudi, na ule unyevu ukikauka, damu ipitayo miguuni hupoa. Pengine si adabu kuliandika jambo hili gazetini, lakini aliyepata kulala chini ya bati mwezi wa Februari hatamlaumu.

Mwewe twamjua sote, maana hunyakua nyama mkononi mwa mtoto. Anishangazaye mimi ni mbayuwayu. Uzito wake ni kama gramu 20 tu, naye huja kwetu kutoka Ulaya akilivuka jangwa la Sahara, akala wadudu wetu kiangazi chote, kisha mwezi wa Machi au Aprili akarudi kwao kuzaa.

Lakini wenyeji hasa wa uani petu ni chozi na kwera. Tuna mti mmoja tu, mgrevilea, ambao maua yake ya rangi ya chungwa chozi huyafyonza. Mwezi wa Machi majirani walitaka ukatwe, kwa kuwa ndege huchafua nguo. Mama mmoja, ambaye riziki yake ni kufulia watu, alisema kwa haki kabisa kwamba shuka ikichafuliwa, sabuni ya kuirudia hununua yeye. Sikuwa na jawabu la upesi. Nilimwomba tu atazame chini ya mti. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana: watoto saba walikuwa wamekaa kivulini, na kuku pamoja nao, na beseni lake mwenyewe lilikuwa papo hapo. Akacheka. Tukapatana kamba ihamishiwe upande wa ukutani, nami nikalipa gharama ya nguzo mbili.

Sasa mvua imeanza. Kwera dume anafuma kiota juu ya choo chetu. Ameshakibomoa mara moja akaanza tena, maana jike alikikagua akaenda zake.