Yaliyotiwa Sandukuni

Mtu akitaka kujua wazee wa mji fulani waliogopa nini katika zama zao, na afungue sanduku walilomfungia mtoto aendaye kulala bwenini, atazame kilichowekwa chini kabisa. Nayasema haya kwa kuwa katika ukoo wetu wa Majengo, hapa Gisenyi, kazi ya kumwandaa mwanafunzi mgeni ilinifikia nikingali kijana, kwa sababu tu nilikuwa wa kwanza wa nyumba yetu kusoma shule ya bweni. Na tangu hapo kila mtoto aliyefaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi aliletwa kwangu na karatasi yake mkononi, kana kwamba aliyewahi kuumwa na kunguni wa bweni moja amekwisha kuwa alimu wa mabweni yote ya Rwanda.

Mimi nilikwenda katika miaka ya 1980, wakati shule ya msingi ilipokuwa ya miaka minane na nafasi za sekondari zikiwa adimu mno, tena uteuzi wake ulipimwa kwa mizani ya mkoa na kabila, kwa siasa iliyoitwa iringaniza, wala si kwa alama za mtihani peke yake. Kwa sisi Waislamu, ambao tuliitwa Waswahili hata yule aliyekuwa Mnyarwanda kwa baba na kwa mama, palikuwa na tashwishi nyingine juu ya hiyo: shule nyingi za bweni zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazee walioishi enzi ya Wabelgiji walizikumbuka kambi za Waswahili, ambamo watu wa dini yetu walitengwa na wenyeji wengine na kwenda kwao huku na huko kukahitaji ruhusa. Na walikumbuka pia watoto waliotoka nyumbani wakiitwa Juma wakarudi likizo wakiitwa Petero. Kwa hiyo wengi waliwapeleka watoto wao chuoni kwa maalimu, kisha wakawatia katika ushonaji, udereva au biashara, na mtoto aliyekwenda sekondari alihesabiwa nusu amekwisha kupotea. Mimi niliagwa na shangazi zangu kwa machozi ambayo, nikiyakumbuka sasa, yalikuwa ya matanga kuliko ya safari.

Aliyenifungia sanduku alikuwa shangazi mkubwa, mwanamke asiyejua kusoma lakini mwenye hadhari kuliko wasomi wengi. Sanduku lenyewe lilikuwa la bati, kazi ya fundi wa sokoni, limepakwa rangi ya samawati na kuandikwa jina langu kifunikoni kwa rangi nyeupe. Orodha ya shule ilikuwa nusu ukurasa uliopigwa chapa: shuka mbili, blanketi, sahani, kijiko, kaptura, sabuni. Shangazi aliitimiza mchana mmoja, kisha akaanza orodha yake mwenyewe, ambayo haikuandikwa popote. Chini kabisa, chini ya blanketi, aliweka msala uliokunjwa mara nne, kofia, juzuu ya Amma na kopo la kutawadhia. Juu ya hayo yakaja makopo mawili ya sambaza waliokaangwa wakakauka, dagaa hao wa ziwa Kivu waliotolewa ziwa Tanganyika kwa mbegu takriban wakati wazazi wetu walipokuwa wakioana, na sasa mtu hawezi kufikiri mji huu bila wao. Kopo moja lilikuwa la kutoa na la pili la kula. Alijua, sijui kwa nani, kwamba wanafunzi wakongwe humpokea mgeni kwa mateso yaitwayo kunnyuzura, humpokonya alicho nacho na kumfanya aimbe juu ya kitanda usiku wa manane, akaniambia, "Mwanangu, wape la kwanza kabla hawajaomba, usionekane mchoyo, na la pili usilitaje hata ndotoni."

Aidha alinifanyia mazoezi. Kwa siku kadhaa kabla ya safari, nami naishi hatua chache kutoka ziwani, alinipimia ndoo moja ya maji kutwa, ya kuoga, kufua na kutawadha, na ikiisha imekwisha. Alinitandikisha kitanda na kukivuruga na kunitandikisha tena. Kisha usiku, chini ya kandili, alishona namba yangu ya shule kwa uzi mwekundu katika ukosi wa kila shati, katika pindo la kila shuka, hata katika soksi. Na alipofika soksi za mwisho macho yalikuwa yamekwisha kuchoka, ile 7 ikafanana na 1, nami nikagombana na mwenye namba hiyo mwaka mzima. Asubuhi ya kuondoka, basi la ONATRACOM likiwa limekwisha kuwashwa, wasia wake ulikuwa mfupi: nikiulizwa jina, nilitaje lote.

Shuleni sikubatizwa, wala hapana aliyejaribu kunibatiza. Kilichonisumbua kilikuwa impungure, yale makande yaliyokuwa ndiyo chakula cha mchana na cha usiku, na Kiswahili changu, ambacho katika bweni la wana wa wakulima kilikuwa lugha ya makuli, ya madereva na ya wezi wa sokoni. Nikazoea kukinong'ona na mwenzangu mmoja wa Gisenyi nyuma ya jiko. Kwa habari hizo shangazi hakunitilia kitu sandukuni, na haikuwezekana atie.

Zama zilizofuata sitazirefusha. Julai 1994 halaiki ya watu ilipita katika mji wetu ikielekea Goma, ng'ambo ya mpaka, na shule zikawa majengo matupu. Na zilipofunguliwa tena, vita vya waasi tuliowaita abacengezi vikaingia mikoa ya Gisenyi na Ruhengeri, vikadumu 1997 na 1998. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya Nyange, ambayo sasa imo wilaya ya Ngororero, wanafunzi walikutwa darasani wakijisomea baada ya chakula, wakaamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, wakakataa, wakapigwa risasi na maguruneti. Nao baadaye wamehesabiwa miongoni mwa mashujaa wa taifa, daraja la Imena. Nilipoombwa siku hizo nimwandae mtoto wa kiume wa kaka yangu, hapana aliyeuliza habari ya dini wala ya chakula. Sanduku la bati lilikataliwa kwa kuwa mtu hawezi kukimbia nalo. Alikwenda na mkoba wa begani, na mama yake akashona ndani ya pindo la suruali kijikaratasi chenye majina ya jamaa zetu wa Kigali na mahali wanapokaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa maandalizi.

Amani iliporudi, hofu nazo zikapata nafasi ya kuwa ndogo. Mwishoni mwa 2008 serikali ilikata shauri kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na binti mmoja wa ukoo wetu, aliyesoma shule ya msingi kwa Kifaransa na kukisema kwa madaha, akajikuta Januari 2009 anaingia sekondari katika lugha ambayo hata baadhi ya walimu wake walikuwa wakijifunza jioni. Katika maandalizi yake tuliacha habari ya shuka na sabuni kwa dada zake wakubwa. Sisi tulishughulika na kamusi. Vitabu vya Kifaransa ungevipata Goma, kwa mwendo wa miguu kupita mpaka uitwao petite barrière. Vya Kiingereza vilitafutwa Kigali, kwa wachuuzi waliovileta kutoka Uganda, na bei yake iliwafanya wazee wanitazame kama mlanguzi. Kamusi ile ndiyo iliyowekwa chini kabisa, ikafunikwa na kanga, na msala ukakaa juu bila hadhari yoyote, kwa kuwa alikwenda Nyamirambo, mjini Kigali, penye shule ya Kiislamu, na hapo hijabu na saumu si habari ya kuuliza.

Sasa nije kwa huyu wa karibuni, mjukuu wa dada yangu. Mama yake anauza vitenge mpakani, na miongoni mwa ndugu zake alikuwa peke yake aliyepangiwa shule ya bweni, upande wa kusini. Siku hizi mwaka wa masomo huanza Septemba, maana tangu tauni ya korona kalenda ile ya Januari imeachwa. Barua ya shule, tuiitayo babyeyi, ilikuwa kurasa mbili: godoro, chandarua, shuka za rangi iliyotajwa, ndoo yenye kifuniko, viatu vyeusi visivyo na kisigino, rimu ya karatasi, karatasi za choo, jembe na ufagio. Kila mtoto na ufagio wake, kila mwaka mpya. Sijapata kufahamu mafagio hayo yote huishia wapi. Ada, nashukuru, haikuwa tena kitendawili: tangu Septemba 2022 serikali ilikuwa imeweka kwamba mzazi wa mtoto wa bweni katika shule zake na zile zinazosaidiwa nayo alipe faranga 85,000 kwa muhula, ilhali kabla ya hapo kila shule ilijipangia na wengine walidaiwa hata fedha za majengo. Nilimsikia mama yule akihesabu mara mbili, akaona inapungua kuliko alivyoogopa, akatoa sehemu yake ya ikimina, ule upatu wa wanawake wa sokoni, akanunua vyote siku mbili bila kukopa.

Kilichonistaajabisha ni jingine. Tangu 2012 elimu ya miaka kumi na miwili inapatikana karibu na nyumbani, na shule ya kutwa iko mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwao. Nikamwuliza mama kwa nini amtoe mtoto aende mbali. Akanijibu kwamba anaogopa mji. Anaogopa magendo ya mpakani, ambayo huwavuta watoto kwa noti moja ya kubeba mzigo; anaogopa simu, na vijana wa pikipiki, na yeye mwenyewe kuwa sokoni tangu alfajiri hadi usiku. Bwenini simu zimepigwa marufuku, kengele inagonga, na mtu anajua mtoto analala wapi. Nilikaa kimya kwa muda. Shangazi yangu alilia kwa kuwa nilikwenda bwenini, na huyu hakupata usingizi mpaka wake alipopokewa huko.

Nami nikafunga begi, maana masanduku ya bati yamekuwa nadra na wenye mabasi hawayapendi. Nilitaka kumtia sambaza, nikaambiwa shule hiyo hukagua langoni na chakula cha nje hakiingii; na hata kingeingia, mifuko ya plastiki ya kukifungia imekatazwa tangu 2008. Nilitoa sindano na uzi mwekundu, akacheka kwa adabu, akaandika jina lake juu ya kila kitu kwa kalamu ya wino usiofutika kwa muda mfupi kuliko shangazi alivyotumia kwa shati moja. Kuhusu kunnyuzura nilimweleza kila kitu, naye akasema matroni hulala bweni moja nao. Na nilipomwambia asione haya kwa Kiswahili chake, alinitazama kama mtu asiyefahamu habari ya kuona haya inatoka wapi: yeye amekua katika nchi ambamo tangu 2017 ni lugha rasmi, na somo lake analitegemea limpandishie wastani. Usafiri nao hupangwa na NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, kila wilaya na siku yake. Akapanda basi na wenzake wa wilaya yetu ya Rubavu, wote wamevaa sare, vichwa vimenyolewa.

Aliporudi likizo ya Desemba alikuwa amenenepa kidogo, anasema Kiingereza cha haraka kuliko changu, na kutoka katika buti la basi akateremsha ndoo ya kijani iliyoandikwa jina la mtoto mwingine na la wilaya yake, Rusizi. Yake ilikuwa nyekundu. Mama yake akataka maelezo. Binti akasema ya kwake ilichukuliwa wiki ya pili, naye akatwaa iliyokuwa karibu, na mwenye hiyo amekwisha kupata nyingine, na kwa hesabu yake hapana aliyekosa ndoo bweni zima. Mama hakuridhika. Alimpigia matroni, matroni akampa namba ya mama mmoja wa Rusizi, na wanawake hao wawili wasiojuana sura wakazungumza kwa Kiswahili karibu nusu saa, wakapatana ndoo zirudishwe kwa wenyewe Januari. Tangu hapo hupigiana kila wiki, juu ya bei za vitenge vya Bukavu na vya Goma, na ndoo ya kijani ingali hapa kwetu, tunachotea maji.