Bawa la Nguo na Pumzi ya Mjomba

Tangu mwanadamu alipoanza kuwaonea ndege wivu, amekuwa na maswali mawili: nitapaaje, na nitashukaje? La kwanza huulizwa kwa sauti, la pili hunong'onwa. Al-Maqqari amesimulia habari za Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Kordoba wa karne ya 9, ambaye alijivika manyoya, akajirusha kutoka mahali pa juu, akaelea kitambo, kisha akaanguka na kuumia mgongo. Ilisemwa kwamba alisahau mkia, kwani hakujua kuwa ndege hutua kwa mkia wake. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, swali lile la pili lilimfikia kijana mmoja wa Nambilanje, wilayani Ruangwa, aliyerudi nyumbani na bawa begani.

Lilikuwa bawa la nguo, lile ambalo wengi huliita parachuti ingawa kazi zake ni mbali. Parachuti humpunguzia mtu kasi ya kuanguka. Bawa hili lina vifuko vinavyojaa upepo, nalo husonga mbele na kupanda na hewa ya moto kama afanyavyo mwewe. Kijana alilijua huko Iten, nchini Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, ambako warukaji wa mataifa mengi hukusanyika hasa kati ya Disemba na Machi. Alianza kwa kuwabebea mizigo, akaishia kufundishwa. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia bawa lake la zamani, ikawa ndiyo bakhshishi.

Ndani ya bawa ilishonwa karatasi yenye herufi A. Kijana aliijua maana yake na akaitegemea. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 926 hupima kwanza nguvu: nguo na kamba sharti zistahimili mzigo mara 8 ya uzito wa juu ulioruhusiwa. Kisha hupima tabia. Mrukaji wa majaribio, kwa kawaida juu ya ziwa, hulikunja bawa upande mmoja kwa makusudi, kisha hutazama litafanya nini. Kwa tabia hiyo mabawa hupangwa katika madaraja 4, kuanzia A hadi D. Lile la A hujikunjua lenyewe, hugeuka kidogo tu, humsamehe mwanagenzi aliyevuta usukani wa kamba pasipotakiwa. Kijana alijipima pia, yeye na kiti chake na mavazi yake na bawa lenyewe, akaona uzito umo ndani ya mipaka iliyoandikwa. Basi akawaahidi wanakijiji kwamba Jumamosi ataruka kutoka mwinuko ulio nje ya kijiji.

Watu wakaja. Ufuta ulikwisha kuvunwa, kusi ilivuma taratibu, na watoto walikuja na vishada vyao vya mifuko ya plastiki kana kwamba wamealikwa kushindana. Alikuja pia mjomba wake, mzee aliyetumia ujana wake baharini, katika majahazi ya Lindi. Kwa desturi ya Wamwera, neno la mjomba si la kupuuzwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kabla hujapanda huko, hebu liinue hapa uwanjani nilione."

Kijana akatandaza bawa, akavuta. Likajaa, likapanda, lakini lilipofika robo tatu ya safari yake likasita nyuma ya kichwa, kama mtu aliyesahau alichoendea. Akavuta tena, likasita tena. Watoto wakacheka. Mzee hakucheka. Alisogea, akashika pindo la nguo, akalibana midomoni na kupuliza. Kisha akaweka kiganja upande wa pili.

"Tanga hili linavuja," alisema. "Pumzi ya mzee inapita, sembuse kusi?"

"Limepimwa, mjomba. Limeandikwa A."

"Lilipimwa lini?"

Hapo ndipo kijana aliponyamaza. Herufi ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa kweli ya siku ambayo bawa lilikuwa jipya. Jua hula nailoni, na utando unaoizibia hewa huchakaa kwa kukunjwa na kuburutwa. Kamba nazo hubadilika: katika mabawa mengi, zile za nyuma, ambazo hubeba mzigo mdogo kuliko za mbele, husinyaa kadiri muda unavyopita. Zikifupika, bawa huinua pua na kwenda polepole. Hatari yake ni kwamba halipasuki wala halikunjiki. Laweza kusimama hewani likiwa wazi kabisa, zuri kwa kulitazama, huku likishuka moja kwa moja na mtu wake. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza bawa lipelekwe kwa fundi kila baada ya miaka 2 au hivi, apime urefu wa kamba na muda ambao hewa huchukua kupenya kwenye nguo. Kusita kule uwanjani kulikuwa dalili ya maradhi yote mawili.

Bado watu walikuwa wakingoja, na aibu ni mzigo usio na kipimo cha mara 8. Kijana alikumbuka habari za Septemba 2019, pale mpanda mlima mmoja wa Kanada alipofariki Kilimanjaro baada ya chombo chake cha kurukia kukataa kufunguka. Alitazama mwinuko, akamtazama mama yake aliyekuwa amesimama mbali bila kusema neno. Kisha akaanza kulikunja bawa.

Wapo walioguna, na mmoja akasema kwa sauti kwamba ahadi ni deni. Mjomba akamjibu kuwa deni hulipwa na aliye hai.

Wiki iliyofuata kijana alitwaa mkasi akalikata bawa vipande, asije mwingine akaiona herufi A na kuiamini. Alilia kidogo alipofika kwenye karatasi ile, akaibakiza. Nguo aliwagawia watoto wa Nambilanje, na kamba pia. Tangu hapo vishada vyao ni vyekundu na huruka juu kuliko vya plastiki, kwa kuwa nguo iliyochoka kumbeba mtu ingali na nguvu za kubeba ufito. Mara mojamoja uzi hukatika, kishada kikaenda arijojo juu ya mikorosho, na watoto hukifuata kwa miguu wakishangilia. Kijana huwatazama akiwa chini, akiweka akiba ya kununua bawa jingine, ambalo ameapa kumuuliza muuzaji wake swali moja kabla ya bei: lilipimwa lini?