Kutoka Kalenga Hadi Mbeya Hotel

Mwalimu ninayemsimulia hapa alipokuwa mtoto Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, hoteli ya kulala ilikuwa jengo la kupita kando yake tu. Waliolala ndani ni Wazungu. Waafrika waliingia kwa mlango wa jikoni: wapishi, madobi, watandika vitanda. Mgeni wa Kalenga alilala kwa shemeji yake, akaamkiwa "kamwene" na kumiminiwa ulanzi.

Siku wakubwa walipokuja kwao anaitaja bila kusita: 19 Juni 1954. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alileta fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kutoka makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka lirudishwe katika miezi 6. Ilichukua miaka 35. Nao watoto waliosukumana kumwona gavana walikuwa wamekulia kwenye ikulu yenyewe bila kuijua, maana ukuta wa mawe uliozunguka makao ya Mkwawa, uliopigwa mizinga na Wajerumani Oktoba 1894, kwao ulikuwa mahali pa kuchezea.

Ualimu ukampeleka Mbeya.

Huko aliikuta Mbeya Hotel, hoteli ya shirika la reli katika mji ambao kwa miongo mingi haukuwa na reli. Mabasi ya shirika hilohilo ndiyo yaliyowaunganisha abiria na stesheni za Reli ya Kati. Treni ilikuja na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976, na ni katika miaka hiyo semina ya walimu ilipomlaza humo kwa mara ya kwanza. Shuka nyeupe, mablanketi mazito ya kufaa baridi ya Mbeya, chai iliyoletwa na birika lake: yote anayakumbuka. Lakini kinachomgusa zaidi ni mzee wa mapokezi, Mnyakyusa aliyeanza kazi jikoni enzi za ukoloni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, ufunguo wako huu."

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli likavunjika nayo. Leo wajukuu zake wanaweka nafasi ya chumba kwa simu, na hakuna anayewauliza rangi wala mlango wa kuingilia. Badiliko hilo analiona kubwa kuliko marumaru zote zilizobandikwa mahotelini tangu hapo, na ana haki ya kuliona hivyo.

Lakini Kalenga haijapata sehemu yake ya badiliko hilo. Watalii wa Hifadhi ya Ruaha hulala Iringa mjini, wakasimama kidogo kutazama fuvu, halafu huyo wanaondoka. Ukuta umebaki vipande. Kwa hiyo kila akipata nafasi kikaoni anarudia ombi lilelile: vipande hivyo vizungushiwe uzio, na Wahehe wenyewe wajenge nyumba nzuri ya wageni palepale kijijini, kando ya mto Ruaha Mdogo, ili mgeni alale usiku mmoja, asimuliwe habari za Mkwawa na wazee, na malipo ya chumba yabaki Kalenga.